Boksi la TV linaganda kila saa nane mchana: nimelitoboa, nimekosea mara mbili, karibuni tusaidiane

#1 Kinyozi wa Makorora

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni kinyozi, niko Tanga mjini. Saluni ni chumba kimoja, juu bati tupu, dari hakuna. Ukutani nina TV ya inchi 32, na nyuma yake kiboksi cha Android, vile vyeusi vya mraba vinavyoenea kiganjani. Kazi yake ni moja tu, kupiga muziki wa YouTube tangu saa mbili asubuhi nikifungua mpaka saa nne usiku nikifunga. Kinapumzika Ijumaa mchana peke yake, nikienda msikitini.

Tangu Novemba joto lilipoanza, ikifika saa nane mchana picha inaganda. Sauti inajikokota kidogo, halafu nayo inakata. Mteja kichwa nusu kimenyolewa ananitazama kwenye kioo, mimi nimeshika mashine mkono huu na rimoti mkono ule. Nikichomoa umeme dakika kumi, boksi linarudi zima kabisa, kama si lenyewe.

Nililaumu bando kwanza. Nikabadilisha laini, hali ile ile. Siku moja nikaingiza mkono nyuma ya TV kulisogeza: moto kama bakuli la uji. Nikapakua CPU-Z, programu ya kukagua boksi, mle ndani kuna ukurasa wa joto. Saa mbili asubuhi lilisoma digrii 57. Saa sita, 74. Saa nane, 88, na mwendo wa prosesa ulikuwa umeporomoka kutoka 1200 MHz hadi 500. Basi kumbe halijafa. Linajipunguzia mwendo lenyewe lisiungue, na kwa mwendo huo video haiwezi kwenda.

Nikalifungua. Skrubu zimefichwa chini ya vile vimiguu vya mpira, vinang'oka kwa kucha. Kifuniko kimebanwa kwa meno ya plastiki pembeni, nikapitisha kadi ya benki iliyokwisha muda, taratibu, likaachia. Tahadhari kwa atakayejaribu: kuna kiwaya chembamba cheusi cha antena ya WiFi kimegandishwa kwenye kifuniko. Ukivuta kwa pupa umekwisha.

Nilichokikuta ndani kilinichosha. Juu ya chipu kuna kibati cha aluminiamu, ukubwa wa stempu mbili, unene kama wa mfuniko wa kopo la samaki. Katikati kuna kipande cha mpira wa waridi wa kupitishia joto, umekauka, na kibati chenyewe kimekaa upande, kinagusa chipu kwa pembe moja. Kifuniko cha juu hakina tundu hata moja. Matundu yapo chini, na nusu yake yamezibwa na stika yenye jina la boksi. Na hilo boksi nilikuwa nimelilaza juu ya king'amuzi, ambacho nacho kina moto wake.

Jaribio la kwanza: nikapasha spoku ya baiskeli kwenye jiko la mkaa, nikatoboa kifuniko cha juu matundu 40 kwa mistari. Nikabandua stika ya chini. Nikalitoa juu ya king'amuzi. Nikabandika vizibo vinne vya soda chini yake viwe miguu. Matokeo siku ya pili, saa nane: 83. Yaani jasho lote lile ni digrii tano, na nyingi nadhani ni za kulitoa juu ya king'amuzi.

Jaribio la pili: kwa fundi kompyuta nikapata hitisinki, lile bonge dogo la aluminiamu lenye mapezi, kutoka kwenye bodi ya kompyuta iliyokufa. Nikaibandika juu ya kile kibati kwa gundi ya moto, ile ya bunduki, pembe nne. Ikashuka hadi 76, nikajisifu. Siku ya tatu, saa nane kasoro, nikasikia "tak" nyuma ya TV, na muziki ukazima. Gundi ilikuwa imelainika, bonge limedondoka juu ya bodi. Bahati lilijizima tu, likawaka tena. Ningekuwa nasimulia kitu kingine.

Swali langu: niongeze feni, au nitafute bonge kubwa zaidi? Na nigandishe kwa kitu gani?

#2 kokoto

Nimekaa siti ya mbele. Ngoja mafundi waje.

#3 Jini Kisomo

Picha muhimu mkuu.

#4 Nyangumi Mweupe

Mkuu kwa nini ujitese? Boksi jipya elfu themanini, hilo tupa.

#5 Kinyozi wa Makorora

> Boksi jipya elfu themanini, hilo tupa.

Kichwa kimoja nanyoa buku mbili. Piga hesabu ni vichwa vingapi. Halafu jipya litakuja na kibati kile kile cha stempu mbili na kifuniko kile kile kisicho na tundu. Litaganda Novemba ijayo.

#6 Chuma cha Pua

Kinyozi salama? Mimi natengeneza redio na TV, Mwanza. Umekosea mara mbili lakini umekosea vizuri, kwa sababu umepima kabla na baada. Wengi wanaoniletea haya maboksi wameyatoboa kama chujio na hawajui kama imesaidia.

Ngoja nikueleze kwa nini matundu yalikupa digrii tano tu. Joto linazaliwa kwenye chipu, eneo dogo kuliko ukucha wa dole gumba. Lazima litoke pale lifike kwenye kitu kipana, ndipo hewa ilichukue. Mafundi tunapima uwezo wa kitu kupitisha joto kwa wati kwa mita kwa digrii. Hewa iliyotulia ni kama 0.026. Plastiki ya hilo kasha ni kama 0.2. Aluminiamu ni 200 na ushei. Sasa wewe kibati chako kinagusa kwa pembe moja, kwingine kote kuna hewa ya 0.026. Hiyo ni blanketi umeifunika chipu. Kutoboa kasha hali chipu haigusi chuma ni sawa na kufungua dirisha la jikoni ukitegemea wali upoe ndani ya hotpoti.

Kwa hiyo utaratibu: kwanza chipu iguse chuma, pili chuma kiwe kipana, tatu hewa ipate njia ya kuingilia chini na kutokea juu. Feni inakuja mwisho, na mara nyingine haihitajiki.

Kung'oa kile kibati usikwangue kwa bisibisi. Kipashe kwa kikaushia nywele, nadhani unacho hapo saluni. Kizungushe polepole kama unafungua mfuniko, kitaachia. Ukikivuta juu kwa nguvu unaweza kuondoka na chipu. Safisha kwa spiriti ya duka la dawa na pamba za masikio mpaka uone maandishi ya chipu yanang'aa.

Sasa hitisinki. Uso wake wa chini uusugue kwa msasa mkavu uliouweka juu ya kioo, ili uwe bapa kweli. Sugua kwa mduara. Ukiona umebaki weusi au rangi sehemu yoyote, hapo hapagusi.

Kugandisha: kuna gundi ya joto ya silikoni, nyeupe, inayokauka na kushika. Iko kwenye tyubu ndogo. Usiichanganye na pesti ya kawaida ya prosesa, hiyo haikauki wala haishiki, inataka skrubu au springi ya kuibana. Hiyo gundi weka kiasi cha punje ya mchele, kandamiza, zungusha kidogo, acha usiku mzima na kitu kizito juu. Kumbuka gundi na pesti nyingi hazifiki hata 10 kwenye kile kipimo. Kazi yake ni kuziba vijishimo vya hewa, basi. Ukiipaka nene kama siagi kwenye mkate umejitengenezea blanketi jingine.

#7 mpiga_filimbi

Mimi nilitumia dawa ya meno badala ya pesti. Siku ya kwanza joto lilishuka vizuri sana nikasema nimewapata wazungu. Wiki ya pili imekauka imekuwa unga, joto limepanda kuliko mwanzo. Ila chipu ilinukia minti.

#8 Jini Kisomo

Hahahaha #7 umeniua.

Na sarafu je? Nina nafasi ya kama milimita mbili kati ya chipu na kifuniko. Nikiweka sarafu katikati?

#9 Chuma cha Pua

Hapana. Hujui sarafu hiyo ni mchanganyiko wa chuma gani, na nyuso zote mbili zina michoro ya kuinuka, yaani mabonde ya hewa. Ukitaka kujaza nafasi tafuta kipande cha shaba au aluminiamu bapa. Au nunua ule mpira wa kupitishia joto wa unene unaotakiwa, upo wa milimita moja na wa mbili. Ukichagua wa kijivu laini unaobonyea kwa kidole ni bora kuliko ule mgumu.

#10 Mama Sabuni

Habari zenu. Mimi si fundi ila hili limenikuta, naomba niseme.

Kijana wangu alilitoboa boksi letu matundu makubwa, ya kuingia penseli. Lilipoa kweli. Baada ya mwezi likaanza kuwaka na kuzima. Tulipolifungua, mende. Vile vidogo vya kahawia. Familia nzima, na mayai wameyapanga juu ya bodi pale penye joto, wamekojoa wametapakaa, miguu ya chipu imeota kutu ya kijani. Wanapenda joto na giza, na ndani ya boksi wana vyote viwili.

Kwa hiyo Kinyozi, ukitoboa, kwa ndani bandika wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu. Kila tundu.

Jingine ni kitambaa. Nyumba nyingi humu ndani, msibishe, juu ya boksi kuna kitambaa cha kufuma kwa uzi, kimening'inia mpaka mbele. Kwangu kilikuwepo. Nilikifuma mwenyewe, kina maua. Nimekihamishia kwenye sofa.

#11 kokoto

Mama Sabuni umemtaja mama yangu bila kumtaja jina.

#12 Nyangumi Mweupe

Basi naomba na mimi nisaidiwe, maana niliingia hapa kubeza. Langu linajizima lenyewe hata asubuhi, hata halijapata moto. Linawaka, nembo inaonekana, linazima, linawaka tena.

#13 Chuma cha Pua

Hilo si joto, usitoboe kitu. Angalia adapta. Imeandikwa 5V 2A lakini uandishi haugharimu kitu. Chukua mita, pima volti pale boksi linapofanya kazi, si likiwa limezimwa. Ikishuka chini ya 4.8 adapta imechoka, au waya wake ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Jaribu chaja ya simu nzuri yenye 2A na waya mfupi. Na vuta fleshi na kamera zote ulizochomeka kwenye USB, nazo zinakunywa humo humo.

Kwa wote: ukiona linazima ghafla likiwa baridi, shuku umeme. Ukiona linakuwa zito pole pole, kisha linapona ukilipumzisha, shuku joto.

#14 Nyangumi Mweupe

Mkuu Chuma cha Pua, chaja ya simu imemaliza kazi. Nimejinyamazia.

#15 Msomi wa Bwenini

Niongeze upande wa programu kidogo, maana chipu inatoa moto kulingana na kazi unayoipa.

Kwanza, kupima. Asiyetaka programu yenye matangazo afungue terminali (programu ya kuandikia amri) kwenye boksi aandike:

cat /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp

Ikikuletea 72000 maana yake ni digrii 72. Mwendo wa prosesa unaupata hapa:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_cur_freq

Pili, Kinyozi TV yako ni ya inchi 32. Ingia kwenye mipangilio ya onyesho uone boksi linatoa 4K au 1080p. Mengi yanakuja yamewekwa kutoa ya juu kuliko TV inavyohitaji. Shusha. Na YouTube kwa muziki wa saluni, 480p inatosha, nani anahesabu nywele za mwimbaji.

Tatu, aina ya video. Chipu hizi zina sehemu maalumu ya kufungua video za H.264, H.265 na mara nyingi VP9, inafanya hivyo bila kutoka jasho. Ukiipa faili la AV1, aina mpya zaidi ya video, kwenye boksi la zamani, hiyo sehemu hailijui, kwa hiyo viini vyote vinne vya prosesa vinaingia kazini kwa nguvu. Joto linapanda ndani ya dakika chache. Ukiona filamu moja inaganda na nyingine haigandi, angalia hapo.

Nne, kuna maboksi ya bei rahisi yanayokuja na programu mbaya tangu kiwandani. Mwaka 2023 watafiti wa usalama walionesha hilo kwenye maboksi yanayouzwa kwa jina la T95: yalikuwa yanawasiliana na seva za watu bila mwenye boksi kujua. Kama boksi lako lina moto hata ukiwa hujafungua chochote, na bando linaondoka, usikimbilie msasa na spoku. Angalia kwanza nani mwingine analitumia.

Na ile namba ya 2.0 GHz kwenye katoni msiisumbukie. Mwaka 2016 iligundulika kwamba chipu za S905, zinazokaa kwenye mengi ya maboksi haya, zilizotangazwa 2 GHz kumbe zilikuwa zinaishia 1.5.

#16 Kinyozi wa Makorora

Wakuu nimerudi, ni siku tisa sasa. Nawapa matokeo.

Kibati nimeking'oa kwa kikaushia nywele kama alivyosema fundi. Dakika nne, kikaachia kama ganda la ndizi. Nikasafisha. Chipu inasomeka S905W.

Hitisinki ni ile ile iliyodondoka, sentimita nne kwa nne, kimo sentimita mbili. Nimeisugua msasa juu ya kioo cha saluni kilichovunjika. Sikutegemea, lakini fundi alikuwa sahihi: ilikuwa na bonde katikati, msasa ulianza kula pembeni tu, ikanichukua nusu saa mpaka katikati pakang'aa.

Kwa kuwa kimo cha bonge kinazidi kasha, nikakata dirisha kwenye kifuniko cha juu ili mapezi yachomoze nje. Nilichora mraba kwa kalamu, nikatoboa vitundu kwa spoku kufuata mstari, kisha msumeno mdogo wa chuma ukaunganisha, mwisho nikalainisha kingo kwa tupa. BODI NILIITOA KWANZA. Naandika kwa herufi kubwa maana unga wa plastiki si kitu, lakini ukikata au kusugua aluminiamu karibu na bodi, vumbi lile linapitisha umeme. Litaingia kati ya miguu ya chipu, na hapo utalizika.

Gundi nyeupe nimepata Dar, nimeagiza kwa kijana wa Kariakoo, ikaja na basi. Elfu nne. Nikaweka kama punje ya mchele, nikaweka juu yake betri ya pikipiki usiku kucha. Sawa, betri ilikuwa nzito kidogo, lakini bodi nilikuwa nimeilaza juu ya taulo lililokunjwa.

Saa nane mchana, bati linatoa moto, ndani ya chumba 34: boksi 69. Mwendo 1200 haukushuka. Siku nzima halijaganda.

Nikapata tamaa. Nikachukua feni ya kompyuta ya zamani, milimita 80, imeandikwa 12V. Nikakata waya wa USB wa chaja iliyokufa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, ile ya kijani na nyeupe nikaikata na kuifunga kwa tepu. Nikachomeka USB ya TV. Kwa 5V inazunguka taratibu, hata huisikii, na ukizima TV nayo inazima. Nimeiweka juu ya mapezi ikipuliza chini. Joto: 58!

Gharama yote: gundi 4,000, bonge 2,000, feni 3,000, basi 2,000. Elfu kumi na moja.

#17 kokoto

58 kutoka 88. Chukua maua yako.

#18 Jini Kisomo

Swali kwa feni: ipulize kuelekea kwenye bonge au ivute hewa kutoka?

#19 Chuma cha Pua

Ikiwa feni iko wazi juu ya mapezi, ipulize kuelekea kwenye bonge, hewa ya kupuliza inagonga kwa nguvu kuliko ya kuvuta. Ikiwa umeifunga ndani ya kasha lililozibwa, ivute nje ili hewa mpya iingie kwa matundu ya upande wa pili. Si vyote viwili kwa pamoja.

Na feni ya 12V si zote zinaamka kwa 5V. Nyingine inatikisika tu. Ijaribu kabla hujaifunga.

Kinyozi hongera. Jua pia kwamba hujaokoa chipu peke yake. Kapasita zile za mviringo pembeni ya bodi, kanuni ya mafundi ni kwamba kila digrii kumi unazopunguza, umri wake unakuwa kama mara mbili.

#20 Baharia wa Nyali

Salaam aleikum. Mombasa hapa. Ndugu yangu Kinyozi, Tanga na sisi bahari ni moja, kwa hiyo nisikize.

Mimi feni niliweka mwaka juzi. Nyumba yangu iko karibu na ufuo, upepo wa kusi ukija madirisha yanashika ukungu wa chumvi. Boksi lilikuwa baridi, raha. Baada ya miezi minane likafa. Kulifungua, upande ule ule feni ilikopuliza bodi ina unga mweupe na kijani, upande wa pili safi kabisa. Feni haileti hewa tupu, inaleta na kila kilichomo hewani. Tangu hapo situmii feni. Nimeweka chuma kikubwa, boksi likae lenyewe.

#21 Kinyozi wa Makorora

Baharia, aleikum salaam. Saluni iko mbali kidogo na maji, lakini nimekusikia.

#22 mpiga_filimbi

Kuhusu chuma kikubwa: mimi nilienda mbali zaidi, nikatupa kasha lote nikaweka bodi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nikaibana chipu kwenye kitako cha kopo. Joto lilishuka vizuri. WiFi ikafa. Nahama na simu mpaka naigusisha na kopo, mistari hakuna. Nikakumbuka antena iko ndani ya bati, ni kama mtu umemfungia stoo unampigia kelele. Nikatoa antena nje kwa katundu, ikarudi nusu. Sasa natumia waya wa mtandao.

Kama mnaweka bonge kubwa, liweke mbali na ile antena.

#23 Kinyozi wa Makorora

Wiki tano. Nimerudi na aibu kidogo.

Jumanne saa tisa, boksi likaganda. Nikasema haiwezekani. Napima: 81. Feni inazunguka, naiona. Nikaishusha ili nitazame bonge, sikuona mapezi. Nimeona zulia.

Nywele, wakuu. Mimi ni kinyozi. Mashine inarusha vijinywele vidogo hewani siku nzima, feni inavivuta na kuvishindilia katikati ya mapezi, na poda ya watoto ninayopaka shingoni imevigandisha kama saruji. Nilivitoa kwa sindano ya kushonea, safu kwa safu. Vichwa vya nusu ya mtaa vilikuwa mle. Kuna nywele nyekundu za hina nikajua kabisa za nani.

Nikajaribu kufunga soksi ya nailoni ya mke wangu mbele ya feni iwe chujio. Inafanya kazi siku nne, halafu soksi yenyewe inaziba na feni inalia. Kusafisha kila siku nne sitaweza.

Ndipo nikarudi kwa Baharia. Nikaenda kwa jamaa wanaotengeneza madirisha ya aluminiamu, nikaomba vipande vya makombo. Wakanipa bure vipande vitatu vya fremu, vile vyenye mifereji. Nimekata kimoja sentimita kumi na tano, nimeondoa rangi kwa msasa upande wa kugusia (ile rangi ya juu ni blanketi, Chuma cha Pua utakuwa umecheka hapa). Nimeling'oa bonge la zamani kwa kikaushia, nikagandisha hiki. Kwa kuwa ni kizito nimekifunga pia kwa skrubu mbili kwenye kasha, ili gundi isibebe peke yake.

Jambo la mwisho nilifanya bila kuambiwa na mtu: boksi nimelitoa nyuma ya TV, nimelisimamisha ukutani, wima, mifereji ikitazama juu na chini. Hewa ya moto inapanda yenyewe kwenye mifereji, ya baridi inaingia chini. Nililipima likiwa limelala, 72. Nikalisimamisha, baada ya nusu saa 66. Chuma kile kile, chumba kile kile.

Feni nimeitoa. Nimeielekeza shingoni kwangu.

#24 Chuma cha Pua

Kulisimamisha wima ndiko nilikosahau kukuambia. Mapezi yakilala kifudifudi hewa ya moto inakaa katikati yake haijui itokee wapi. Hiyo 66 bila feni, chini ya bati, Tanga, mimi ningeiacha hapo hapo.

Kila baada ya miezi mitatu pitisha brashi ya rangi kwenye mifereji. Nywele zitakuja tu, ila pole pole.

#25 Mama Sabuni

Na wavu umeweka?

#26 Kinyozi wa Makorora

Nimeweka, mama. Matundu yote arobaini, kwa ndani.

#27 Jini Kisomo

Picha bado.

#28 Kinyozi wa Makorora

Picha kesho asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Leo mteja mmoja ameliona ukutani, kipande cha dirisha kimesimama na waya mbili, ameniuliza kama nimevuta mita mpya ya LUKU.